Umeme na Joto la Mashine za Hesabu

Ndugu wanafunzi wa Maganzo! Leo tutasoma historia ambayo mnaweza kuigusa kwa mkono.

Wazee wenu watawaambia habari za redio za zamani, zilizokuwa na taa za kioo ndani yake. Ukiweka mkono juu ya sanduku, lilikuwa la moto. Sasa fikirini mashine yenye taa kama hizo zipatazo 18,000! Ndiyo ENIAC, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1946. Uzito wake ulikuwa tani 30 hivi, nayo ilikula kilowati 150 za umeme, hata ikabidi ipepewe kwa mafeni makubwa. Kwa nini? Kwa sababu umeme ukiingia katika mashine haupotei, bali hugeuka joto. Hilo msilisahau.

Mwaka 1947, mwaka ule ule ilipopatikana almasi ya waridi hapo jirani yenu Mwadui, wataalamu wa Marekani walitengeneza transista. Ni kitu kidogo kifanyacho kazi ya taa bila kuungua vile.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifika mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza. Marufuku iliondolewa baadaye, na leo fundi aweza kuunda seva nyumbani: kompyuta isiyolala, itunzayo masomo na hesabu za duka, nyingine zikachota kwake.

Lakini joto lipo pale pale. Pawa saplai ndiyo igawayo umeme ndani ya seva. Wengi hununua kubwa kupita kiasi. Mimi naona ni kutupa fedha. Jumlisha wati za vyombo vyote, ongeza akiba kidogo, basi. Ya bei rahisi mno huandikwa wati isizoweza kutoa.

Kisha feni. Vumbi la Shinyanga huziba matundu yake upesi, basi weka chujio, ulisafishe kila juma. Usiiweke seva chini ya bati lenye jua.

Tena kumbukeni mwaka 2006: ukame ulipunguza maji ya mabwawa, umeme ukawa wa mgao. Seva ikizimika ghafula yaweza kuharibu maandishi yake. Betri ya akiba si anasa.

Haya, shikeni kalamu. Seva yahitaji wati 60. Pawa saplai yake huvuta wati 75, na zile 15 huwa joto tu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa siku nzima, mtalipia uniti ngapi?