Kutoka Trekta hadi Miura: Kwa Nini Nasimama Upande wa Fahali

Ubishi wa Ferrari na Lamborghini ni kama wa Simba na Yanga: hakuna anayehama upande, na kila mmoja ana hesabu zake za ushindi. Wanaobishana Dar es Salaam na Nairobi wengi wao wanayajua magari haya kwa picha, kwa filamu na kwa mbio za langalanga kwenye televisheni, na bado wanabishana kwa moyo wote. Mimi upande wangu ni Lamborghini. Sikuvutwa na milango inayofunguka kwenda juu wala mngurumo wa egzosi. Nimevutwa na historia iliyoanzia shambani, ambayo ndani yake mwenye gari alihesabiwa kuwa mtu wa kwanza, na mbio zikawekwa kando.

Viwanda vyote viwili viko Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia. Ferrari iko Maranello, kusini mwa mji wa Modena. Lamborghini iko Sant'Agata Bolognese, katikati ya Modena na Bologna. Kutoka kimoja kwenda kingine ni safari ya chini ya saa moja. Ni nchi ya tambarare, yenye ngano, zabibu na ng'ombe wa maziwa, na mafundi chuma wake wengi walipata ujuzi kwa kuhudumia mashamba.

Enzo Ferrari alizaliwa Modena mwaka 1898. Alikuwa dereva wa mbio, na mwaka 1929 akaanzisha Scuderia Ferrari, timu iliyokimbiza magari ya Alfa Romeo. Gari la kwanza lenye jina lake, 125 S, lilitoka Maranello mwaka 1947 likiwa na injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 1.5 tu, kazi ya mhandisi Gioachino Colombo. Mwezi Mei mwaka huo lilishindwa kumaliza mbio zake za kwanza mjini Piacenza. Wiki mbili baadaye likashinda Roma. Mwaka 1949 Ferrari ikashinda Saa 24 za Le Mans, na mwaka 1951 Muajentina José Froilán González akaipa ushindi wake wa kwanza wa Formula One pale Silverstone, Uingereza. Farasi mweusi wa nembo alikuwa wa Francesco Baracca, rubani wa kivita wa Italia aliyeuawa mwaka 1918. Mama wa rubani huyo ndiye aliyemwambia Enzo aichukue picha ile. Manjano iliyo nyuma ya farasi ni rangi ya mji wa Modena.

Kwa Enzo, mbio zilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Magari ya barabarani aliyauza ili apate fedha za kwenda kushindana, na hakulificha hilo. Wateja walikuwa matajiri wakubwa, waigizaji na watu wa nyumba za kifalme, lakini mbele ya mzee wa Maranello walipanga foleni kama watu wengine. Gari likisumbua, mteja alisikilizwa baada ya timu.

Mmoja wa wateja hao alikuwa fundi wa matrekta.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa Aprili 1916 huko Renazzo, kijiji cha Cento, katika familia ya wakulima. Alipenda vyuma kuliko jembe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa fundi wa magari wa jeshi la anga la Italia katika kisiwa cha Rhodes, Waingereza wakamteka, na alirudi nyumbani mwaka 1946. Alikuta mashamba yanalilia matrekta na hakuna mwenye fedha za kununua mapya. Akaanza kukusanya magari yaliyoachwa na majeshi, akayafumua, akayaunda upya kuwa matrekta. Petroli ilikuwa ghali, kwa hiyo akabuni kifaa cha kuvukiza mafuta: injini iliwashwa kwa petroli, na ikishapata moto ilihamia kwenye mafuta ya bei nafuu. Mkulima alielewa faida yake siku hiyo hiyo. Mwaka 1948 akafungua kampuni ya matrekta, na kufikia mwaka 1960 alikuwa na kiwanda kingine cha vichomeo vya kupashia nyumba joto. Fedha ilikuwa imekuja, na kwa fedha hiyo akanunua magari ya kifahari, Ferrari zikiwemo.

Hapo ndipo ilipoingia klachi. Kwa masimulizi ya Ferruccio mwenyewe, klachi ya Ferrari yake ilikuwa ikiharibika mara kwa mara, na kila mara gari lilirudishwa Maranello, likafungiwa huko saa nyingi, na yeye asiruhusiwe kutazama kinachofanyika. Mafundi wake walipoifungua wenyewe walikuta klachi ya aina ile ile waliyokuwa wakiifunga kwenye matrekta. Alipokwenda kumlalamikia Enzo, alijibiwa kwamba tatizo ni dereva: anaweza trekta, Ferrari haiwezi. Ni upande mmoja tu wa hadithi, na Enzo hakuwa mtu wa kuhojiwa akakiri. Lakini hata ukiondoa maneno ya majibizano, kinachobaki kinanitosha. Mtu anayetengeneza mashine kwa ajili ya wakulima, ambao trekta likizima wakati wa kulima wanakosa chakula, alikutana na gari ghali ambalo mtengenezaji wake hakuona haja ya kulisikiliza lalamiko la mwenye gari.

Mwaka 1963 Ferruccio akaanzisha Automobili Lamborghini na kujenga kiwanda kipya Sant'Agata. Kazi ya injini alimpa Giotto Bizzarrini, mmoja wa wahandisi walioondoka Ferrari katika mgogoro mkubwa wa mwaka 1961. Inasimuliwa kwamba mkataba wake ulimlipa zaidi kwa kila nguvu ya farasi atakayoizidishia injini ya Maranello. Mkuu wa uhandisi akawa Gian Paolo Dallara, kijana ambaye naye alipitia Ferrari. Oktoba mwaka huo gari la kwanza, 350 GTV, lilipelekwa kwenye maonyesho ya Turin likiwa halijakamilika. Injini haikuingia chini ya boneti, wakaweka mzigo mzito mahali pake ili gari likae sawasawa, na boneti haikufunguliwa maonyesho yote. Mwaka 1964 ukafika mwisho magari 13 tu yakiwa yameuzwa.

Lakini ile injini ya Bizzarrini, silinda 12 za lita 3.5, ilikuwa kazi ya kudumu. Ilikuzwa, ikarekebishwa, ikapita mikononi mwa wamiliki wengi, na uzao wake uliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2010, ndani ya Murciélago. Miaka karibu 50 kwa mzizi mmoja wa injini. Siwezi kutaja injini nyingi za magari ya kifahari zenye maisha hayo.

Kisha ikaja Miura, na hapa lazima nikae kidogo.

Dallara, msaidizi wake Paolo Stanzani na dereva wa majaribio Bob Wallace kutoka New Zealand walikuwa vijana wa chini ya miaka 30 waliotamani mbio. Ferruccio alikataa mbio. Aliona ni shimo la fedha. Basi vijana wakakaa baada ya saa za kazi na kuchora gari la barabarani lenye mpangilio wa gari la mashindano. Tatizo lilikuwa urefu. Injini ya silinda 12 ni ndefu. Ukiilaza kwa urefu nyuma ya dereva, gari linakuwa refu mno. Dallara alitazama Mini ya Waingereza, gari dogo kabisa ambalo injini yake imelazwa kwa upana, akaamua kufanya vivyo hivyo kwa silinda 12. Injini na gia zikamiminwa katika chuma kimoja. Novemba 1965 chesisi tupu, isiyo na bodi, ilionyeshwa Turin, na watu wakataka kuagiza gari ambalo sura yake hawajaiona. Bodi ilichorwa katika nyumba ya usanifu ya Bertone na Marcello Gandini, aliyekuwa na miaka 27. Machi 1966, Geneva, gari likasimama mbele ya watu: kimo cha sentimita 105 hivi, taa zilizozungukwa na kitu kama kope, na jina la Don Eduardo Miura, mfugaji wa mafahali wa mchezo wa Hispania. Nembo ya fahali ilikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa nyota ya Ferruccio ilikuwa Ng'ombe.

Sidai kwamba halikuwa na kasoro. Injini na gia zilishiriki oili moja, kwa hiyo chembe za chuma zilizosagika kwenye gia zilizunguka ndani ya injini. Oili ya injini na ya gia zilitenganishwa katika matoleo ya mwisho tu. Tangi la petroli lilikuwa mbele, na kadiri lilivyopungua ndivyo pua ilivyokuwa nyepesi, hata kwa mwendo wa kasi usukani ukapoteza uzito. Kabureta zilimwaga petroli juu ya injini ya moto, na Miura kadhaa ziliungua. Hata hivyo zilitengenezwa zaidi ya 750 kufikia mwaka 1973, na kila gari la silinda 12 lenye injini nyuma ya dereva lililofuata barabarani lilipita njia iliyofunguliwa Sant'Agata.

Ferrari nayo ilipita. Enzo anakumbukwa kwa kushikilia kwamba ng'ombe hulivuta gari lao, hawalisukumi. Magari yake ya mashindano yalikuwa yamebeba injini nyuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Phil Hill alichukua ubingwa wa dunia wa 1961 na moja ya hayo. Lakini mteja wa barabarani mwaka 1968 aliuziwa Daytona, yenye injini mbele. Ferrari ya barabarani yenye silinda 12 katikati, 365 GT4 BB, ilianza kuuzwa mwaka 1973. Miaka saba baada ya Geneva! Nyumba iliyokuwa na ujuzi wote wa mbio ilisubiri fundi wa matrekta aonyeshe kwanza.

Mkono wa Gandini ulifika hadi kwetu. Yeye ndiye aliyechora Lancia Stratos, gari la rali lililobeba injini ya Ferrari Dino, silinda 6 za lita 2.4. Katika Safari Rally ya mwaka 1975, wakazi wa Kenya waliosimama kandokando ya barabara waliona mchoro wa mtu wa Miura na injini ya Maranello katika gari moja. Stratos za Sandro Munari na Björn Waldegård zilimaliza za pili na za tatu. Mshindi alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504, gari ambalo Afrika Mashariki ililijua vizuri sana.

Ferruccio hakukaa na kampuni yake muda mrefu. Oda kubwa ya matrekta kutoka Bolivia ilivunjika baada ya mapinduzi ya huko mwaka 1971, fedha zikakauka, na kati ya 1972 na 1974 akauza hisa zake zote za magari. Alihamia Umbria, karibu na ziwa Trasimeno, akalima zabibu na kutengeneza mvinyo hadi alipofariki Februari 1993. Kampuni ilifilisika mwaka 1978. Walioifufua mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa ndugu Jean-Claude na Patrick Mimran, wa familia iliyochuma utajiri kwa sukari na unga nchini Senegal. Fedha ya Afrika Magharibi ndiyo iliyoliweka hai gari lake la Countach. Chrysler wakanunua mwaka 1987, kisha wawekezaji wa Indonesia, na mwaka 1998 Audi.

Mshabiki wa Ferrari atanikumbusha hapo kwamba nyumba yake haikuwahi kutangatanga hivyo. Ni kweli. Fiat iliingia na asilimia 50 mwaka 1969, na Enzo akabaki mkuu wa mbio hadi kifo chake Agosti 1988. Ferrari imeshindana katika kila msimu wa Formula One tangu mwaka 1950, na mwaka 2023 ilirudi Le Mans katika daraja la juu baada ya miaka 50 na kushinda papo hapo. Kwenye mbio hakuna ubishi: farasi ameshinda, na Lamborghini haina cha kuweka mezani. Anayependa mbio kuliko yote ana haki ya kuvaa nyekundu.

Mimi napima kwa barabara, na barabarani sioni kilichomzidi mtu wa Renazzo. Hata Urus, gari zito la familia ambalo wengi walilibeza lilipotoka, lina asili pale pale: LM002, gari la jangwani la mwaka 1986, lilitoka kiwanda hicho hicho, na kabla yake kulikuwa na matrekta. Mwaka 2023 Lamborghini ilikabidhi kwa mara ya kwanza magari zaidi ya 10,000 ndani ya mwaka mmoja. Miaka minne baada ya Urus kuanza kuuzwa, Ferrari nayo ilizindua la kwake, Purosangue.

Kwa msomaji atakayefika Bologna, pendekezo langu ni hili: kabla ya Maranello, na hata kabla ya Sant'Agata, nenda Funo di Argelato, nje kidogo ya mji. Huko ndiko kuna makumbusho ya Ferruccio Lamborghini, na matrekta yake yamewekwa ukumbi mmoja na Miura.