Aliyeanguka Chini ya Futi 30

Miaka ya 1830 Charles Priestley, kijana aliyeajiriwa na muuza nyama wa Uingereza, alidai fidia baada ya gari la farasi lililosheheni nyama ya kondoo kuharibika njiani na yeye kuvunjika paja. Raia waliosikiliza kesi walimpa pauni 100. Mwaka 1837 majaji wakazifuta: aliyeikubali kazi, walisema, ameikubali na hatari yake. Kwa miaka 60 iliyofuata, majeruhi wa kazini aliulizwa kwanza kosa ni la nani, na hata sheria ya mwaka 1880 kuhusu wajibu wa waajiri haikulifuta swali hilo. Sheria ya fidia ya mwaka 1897 ndiyo iliyoliweka kando na kuuliza jingine: je, ajali imetokana na kazi, na imetokea wakati wa kazi? Wengi huusimulia mwaka huo kama mwaka wa ukombozi. Mimi nauona kama mwaka ambao mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukajengwa nyuma yake, kwa sababu tangu hapo, kabla hujaulizwa umeumiaje, huulizwa wewe ni nani.

Sheria hiyohiyo ya 1897 inatosha kuwa ushahidi. Iliwahusu watu wa reli, viwanda, migodi, machimbo na kazi za uhandisi. Kwa majengo, iliwahusu waliofanya kazi kwenye jengo lenye urefu unaozidi futi 30, yaani kama mita 9. Fundi mwashi aliyeteleza kwenye jukwaa la jengo la futi 28 alivunjika mfupa uleule wa mwenzake wa jengo la futi 32, lakini yeye hakuwa na fidia. Mwaka 1906 kipimo hicho kiliondolewa, vikaja vingine: ndugu anayeishi nyumbani kwa mwajiri hakuhesabiwa, wala fundi anayepelekewa kazi kwake, wala kibarua wa muda aliyeitwa kwa shughuli isiyo ya biashara ya mwajiri.

Tanganyika ilipata sheria yake mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa mtindo huohuo wa Kiingereza. Wakati huo mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa yameshazoea kuagiza manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali na kuwahesabia kazi kwa kipande (kadi ya kazi), siku iliyofanywa ikipigwa alama. Kiwandani, korona (jina la mashine, miaka mingi kabla ya ugonjwa) ilisaga majani kwa magurudumu yenye vyuma huku maji yakisukuma uchafu, nyuzi zikatoka upande wa pili. Mkono ulionaswa humo ulikuwa jeraha la kazi bila ubishi. Lakini manamba aliyerudishwa kwao aliiacha nyuma mashine, akamwacha na nyapara aliyeshuhudia. Hata aliyefaulu alikutana na viwango vilivyoganda: sheria hiyo ilipofutwa, ukomo wake ulikuwa shilingi 83,000 kwa kifo na 108,000 kwa ulemavu wa kudumu.

Sheria ya Tanzania Na. 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi Julai 2015, vilirekebisha mengi. Mchango hutoka kwa mwajiri, si kwenye mshahara. Atakayenipinga nikidai kwamba asiye na mwajiri naye alipwe atasema mfuko hauwezi kumlipa asiyechangiwa na mtu, na kwamba kulipa bila kutazama kosa kunalea uzembe. La uzembe lina jibu jepesi: sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humnyima fidia aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi, ila si pale anapokufa au kupata ulemavu mkubwa. La mchango ni zito zaidi. Hata hivyo, kiwango cha mchango cha sekta binafsi nchini Tanzania kilishuka kutoka asilimia 1 hadi 0.5 kufikia mwaka 2022, na mimi hapo naona nafasi ya kuusogeza mpaka wa wanaolindwa, kama Waingereza walivyousogeza ndani ya miaka tisa tu. Tazama dereva wa bodaboda anayempelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni. Hachagui kiasi, na akikosa siku mbili tatu hunyang'anywa chombo. Akivunjika mguu, mwenye pikipiki atasema alimkodisha tu, na kwamba barabara aliijua tangu mwanzo. Majaji wa Priestley wangemwelewa bila mkalimani.