Hiba si wosia

Siku hizi neno "wosia" hubebeshwa kila kitu ambacho mzee anawapa wanawe. Lakini wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe afe. Anachokitoa angali hai, kwa hiari yake na bila malipo, ni hiba, na tofauti hiyo ina bei.

Waulize Waswahili waliohamia Uingereza. Kule kodi ya mirathi kwa kawaida ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, ingawa kinachokwenda kwa mume au mke husamehewa. Hiba kwa mtoto haitozwi kodi hiyo iwapo mtoaji ataishi miaka 7 baada ya kuitoa. Ndiyo maana wajuzi huanza mapema, na wala si uchuro.

Ila mzee akimwandikia bintiye nyumba kisha akabaki humo humo bila kulipa pango la haki, sheria bado huihesabu kuwa mali yake. Mafakihi wa Kishafii wa pwani yetu hawatashangaa: kwao pia hiba haitimii bila makabidhiano. Hati peke yake haitoshi, sharti ufunguo uhame mkono. Wosia nao wameuwekea mpaka: usizidi theluthi ya mali, na usimpendelee mrithi mmoja ila wenzake waridhie.

Kenya ilifuta kodi yake ya mirathi mwaka 1982. Kwa hiyo anayeandikisha hiba Mombasa huwa anaepusha ugomvi wa ndugu zaidi kuliko mkono wa serikali.