Mapato ya Mlangoni Broadway Hayasemi Nani Amefaulu

Katika wiki iliyoishia Januari 1, 2012, mchezo wa muziki uitwao Spider-Man: Turn Off the Dark uliingiza zaidi ya dola milioni 2.9 katika ukumbi wa Foxwoods, New York. Hadi siku hiyo hakuna mchezo wa Broadway uliowahi kukusanya fedha nyingi kiasi hicho kwa wiki moja. Miaka miwili baadaye, Januari 4, 2014, mchezo huohuo ulifungwa. Mtaji wake ulikuwa kama dola milioni 75, na hasara iliyotajwa magazetini ilifikia dola milioni 60, mojawapo ya hasara kubwa kabisa kuwahi kutokea katika biashara ya jukwaa. Rekodi na hasara zikakaa nyumba moja, na mtu aliyekuwa akifuatilia jedwali la mapato peke yake asingeelewa kilichotokea. Jedwali hilo hutolewa kila mwanzo wa wiki na hushabikiwa kama msimamo wa ligi. Hesabu yake ilibuniwa kwa ajili ya kugawana fedha, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Kosa lilianza pale hesabu ya mgao ilipogeuzwa kuwa hukumu ya ubora wa mchezo na ya afya ya jukwaa zima. Historia yake ya karne moja inaonyesha jinsi kosa hilo lilivyojengeka na nani anayeumizwa nalo.

Kwa nini wapime kwa wiki, wasipime kwa mwezi au kwa onyesho moja moja? Jibu limo katika mishahara na kodi ya pango. Agosti 1919 waigizaji wa New York, wakiongozwa na chama chao cha Actors' Equity kilichoundwa mwaka 1913, waligoma kwa mwezi mzima na kumbi zikafungwa. Kabla ya hapo mwigizaji aliweza kufanya mazoezi kwa wiki kadhaa bila senti, kisha akaongezewa maonyesho kadiri mtayarishaji alivyotaka kwa mshahara uleule. Mgomo ulipokwisha Septemba, mkataba uliitambua wiki ya maonyesho manane, na la ziada likawa na malipo yake. Maonyesho manane yamebaki kuwa kipimo cha biashara hiyo hadi leo. Mwenye ukumbi hulipwa kodi ya wiki pamoja na asilimia ya mapato. Mwandishi wa mchezo, mtunzi wa muziki na mwongozaji hupata mrabaha wa wiki. Nyota mkubwa huweza kukatiwa asilimia juu ya mshahara wake. Wote hao wanahitaji tarakimu moja inayoaminika ifikapo Jumapili usiku. Mikataba ya kumbi ina kipengele kikali zaidi: mapato yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa kwa wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi ana haki ya kuuondoa mchezo na kumweka mpangaji mwingine. Kumbi za Broadway ni 41 tu, na nyingi zimo mikononi mwa kampuni tatu: Shubert, Nederlander, na ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Jujamcyn. Kwa hiyo mpangaji mwingine huwa yuko nje anasubiri.

Aliyeitoa tarakimu hiyo kwenye daftari za wahasibu ni gazeti la Variety, lililoanzishwa na Sime Silverman mwaka 1905. Waandishi wake walikusanya makadirio kutoka kwenye madirisha ya tiketi na kwa watu wa ndani, wakayachapisha mchezo kwa mchezo, hata watayarishaji waliponuna. Msomaji wa Variety wa zama hizo alikuwa mtu wa biashara hiyohiyo: wakala, mtayarishaji, au mwenye ukumbi wa mji wa mbali aliyetaka kujua kama mchezo fulani unafaa kualikwa kwake. Akiona mapato, kichwani mwake alishakata gharama, kwa sababu alijua bendi ina wapiga ala wangapi na mandhari ya jukwaa yanahitaji mafundi wangapi. Baadaye chama cha wenye kumbi na watayarishaji, kilichoundwa mwaka 1930 na kinachoitwa leo The Broadway League, kikawa chanzo rasmi cha hesabu hizo. Kisha intaneti ikaziweka mbele ya kila mtu, pamoja na idadi ya watazamaji, asilimia ya viti vilivyojazwa na wastani wa bei ya tiketi. Wasomaji wakaongezeka mara elfu, lakini gharama, ambazo msomaji wa zamani alizibeba kichwani, hazikuongezwa kwenye jedwali. Hapo ndipo pengo lilipozaliwa.

Spider-Man inalionyesha pengo hilo waziwazi. Kuuendesha mchezo huo kuligharimu zaidi ya dola milioni 1 kila wiki. Waigizaji walirushwa juu ya vichwa vya watazamaji kwa kamba na mitambo, na kila mtambo ulihitaji fundi, mlinzi wa usalama na bima. Wiki ile ya rekodi ilikuwa ya mwaka mpya, watalii wamejaa mjini, na maonyesho yalikuwa tisa badala ya manane. Watalii walipopungua, mapato yaliteremka, na katika miezi ya mwisho yalikuwa chini ya dola milioni 1 kwa wiki. Katika jedwali bado yalionekana manono, ilhali kila Jumapili wawekezaji walizidi kuzama. Ulinganishe na mchezo wa Fun Home, uliofunguliwa Aprili 2015 katika ukumbi wa Circle in the Square, ambao viti vyake havifiki 800. Ni hadithi ya binti anayejaribu kumwelewa baba yake, yenye waigizaji wachache na bendi ndogo, na katika wiki zake za kawaida haukufikia hata dola milioni 1. Mtaji wake ulikuwa dola milioni 5.25, na kabla mwaka huo haujaisha ulikuwa umerudi wote. Juni ya mwaka huohuo ulipewa tuzo ya Tony ya mchezo bora wa muziki. Kwa jedwali, Fun Home ulikuwa mdogo wa kusahaulika. Kwa aliyetoa fedha zake na kwa aliyekaa kitini, ulikuwa umefaulu kuliko majitu ya jirani.

Ukubwa wa ukumbi nao huamua msimamo kabla pazia halijafunguliwa. Gershwin, unakochezwa Wicked tangu Oktoba 2003, una viti karibu 1,900, yaani zaidi ya viti 15,000 vya kuuza kwa wiki ya maonyesho manane. John Golden una viti kama 800, kwa hiyo hata ukijaa pomoni kila siku hautauza zaidi ya 6,400 au hivi. Katika ukumbi huo wa Golden ndimo Mkenya Lupita Nyong'o alimocheza Eclipsed mwaka 2016, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Ulikuwa wa kwanza Broadway ulioandikwa, kuongozwa na kuigizwa na wanawake weusi watupu, na uliteuliwa kuwania tuzo sita za Tony. Kuuweka mstari mmoja na Wicked na kuuita wa chini ni kupima ukumbi na kuudhani mchezo.

Halafu kuna bei, na hapa ndipo hesabu ya wiki ilipobadilika tabia kabisa katika miaka ishirini na mitano iliyopita. Mwaka 2001 walanguzi walikuwa wakiuza tiketi za The Producers kwa bei za kutisha, na wenye mchezo wakaamua kuichukua faida hiyo wenyewe: wakatenga viti bora na kuviuza dola 480 kimoja. Wengi walishangaa, kisha wakaiga. Mwaka 2016 Hamilton ulipandisha kiti cha bei ya juu hadi dola 849 kwa sababu ileile ya walanguzi, na katika wiki iliyoishia Novemba 27 mwaka huo ukaingiza dola milioni 3.3 katika ukumbi wa viti visivyozidi 1,350. Wastani wa kiti ulivuka dola 300. Waliokuwa na bahati walipata tiketi za bahati nasibu kwa dola 10, jambo la kupongezwa, lakini si wao walioibeba rekodi. Machi 2025 Othello ya Shakespeare, wakiwemo Denzel Washington na Jake Gyllenhaal, iliingiza dola milioni 2.8 kwa wiki kabla hata ya usiku wa ufunguzi rasmi, huku tiketi za juu zikiuzwa zaidi ya dola 900. Rekodi ya namna hiyo hupima uwezo wa mifuko ya watu wachache. Kwamba njia nyingine ipo, The Lion King umeshaonyesha. Mchezo huo wa Disney, wenye Simba, Rafiki na Pumbaa, ulianza Novemba 1997, na mwaka 2013 ukawa wa kwanza Broadway kufikisha jumla ya dola bilioni 1. Wakati huo bei yake ya juu kabisa ilizuiwa isipite dola 227. Kompyuta ilipanga bei za viti vingine kufuatana na siku na msimu, na ukumbi ukajaa mwaka baada ya mwaka.

Wapo watakaosema kwamba soko ndilo hakimu, na mchezo usioleta fedha wiki hadi wiki ni mchezo ambao watu hawakuutaka. Hoja hii ina uzito, maana jukwaa bila watazamaji ni mazoezi tu. Lakini soko linahitaji muda ili liamue, na hesabu ya wiki haitoi muda. Ain't No Mo' wa Jordan Cooper ulifunguliwa Desemba 1, 2022 katika ukumbi wa Belasco, na kabla ya wiki mbili kwisha kufungwa kwake kulikuwa kumetangazwa. Watu wa sanaa wakachangishana. Will Smith na Jada Pinkett Smith wakanunua viti vyote vya onyesho zima. Mchezo ukasogezwa hadi Desemba 23, basi. Miezi michache baadaye uliteuliwa kuwania tuzo sita za Tony, wakati hakukuwa tena na mchezo wa kuuzia tiketi. The Phantom of the Opera nao unaonyesha upande wa pili. Baada ya miaka 34 mapato yake yalikuwa yamezorota, na Septemba 2022 ikatangazwa kwamba utafungwa. Tiketi zikagombaniwa, siku ya mwisho ikasogezwa kutoka Februari hadi Aprili 16, 2023, na mapato yakapanda kupita dola milioni 3 kwa wiki. Mchezo haukubadilika kwa lolote. Kilichobadilika ni habari juu yake, na hesabu ya wiki ikafuata habari.

Pingamizi jingine hutoka kwa The Broadway League yenyewe: jumla ya mapato inakua, basi jukwaa ni zima. Msimu wa 2024-25 uliingiza dola bilioni 1.89, zaidi ya bilioni 1.83 za msimu wa 2018-19, na tangazo likaiita rekodi. Lakini watazamaji walikuwa karibu milioni 14.7, pungufu kidogo ya milioni 14.8 wa msimu ule wa kabla ya korona, na katika kipindi hicho bei za vitu nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa fedha yenye thamani ileile, rekodi hiyo ni upungufu. Mwaka 2025 gazeti la New York Times liliichunguza michezo mipya 46 ya muziki iliyofunguliwa tangu kumbi zirudi baada ya korona, na likakuta ni mitatu tu iliyopata faida: Six, MJ na & Juliet. Msomaji wa jedwali la kila wiki hakuweza kuliona hilo likija, kwa kuwa baadhi ya iliyopata hasara ilikuwa ikionyesha mapato ya kuvutia.

Je, hesabu hizi zifichwe basi? La hasha. Jaribio hilo limeshafanyika: kumbi ziliporudi mwaka 2021, The Broadway League iliacha kutaja mapato ya mchezo mmoja mmoja kwa msimu mzima, ikatoa jumla peke yake, hadi katikati ya 2022. Huko London, chama cha wenye kumbi cha Society of London Theatre hutoa takwimu za jumla na hakitaji mchezo kwa jina. Katika mji huo mwekezaji mdogo na mwandishi wa habari hutegemea minong'ono, na minong'ono humfaa mwenye nguvu. New York imefanya vizuri kuweka mambo wazi. Tatizo ni kwamba imeishia nusu ya njia. Nusu iliyobaki wala haihitaji kubuniwa upya. Sheria ya jimbo hilo tayari inawataka watayarishaji wanaochangisha mitaji kwa wawekezaji wawasilishe taarifa zao za fedha kwa Mwanasheria Mkuu. The Broadway League iongeze kwenye jedwali lake la kila wiki mtaji wa kila mchezo na gharama ya kuuendesha kwa wiki hiyo. Na mhariri wa ukurasa wa burudani, awe Nairobi au Dar es Salaam, akiletewa habari ya rekodi mpya ya Broadway, asiichapishe kabla hajauliza viti vingapi viliuzwa, kwa bei gani, na mchezo uligharimu kiasi gani.