Ilimba ya Baba na Simba wa Kwenye Simu

Umewahi kumwona simba akitembea juu ya mkeka? Mimi nimemwona, hapa hapa Manyoni, mkoani Singida. Mpwa wangu wa miaka tisa alielekeza kamera ya simu sakafuni, na simba akatokea kwenye kioo, anageuza shingo, ananguruma, na mkeka wetu uko pale pale chini ya miguu yake. Wataalamu wanaita uhalisia ulioongezwa: kisichokuwepo huwekwa mahali palipopo. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, na ile ilimba ya babu ukutani, haiwezi kuingia humu ikapigwa?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Kwenye simu simba hayupo lakini anaunguruma. Ukutani kwetu ilimba ipo, ila imenyamaza.

Sisi ni Wagogo. Wakati wa Waingereza, Manyoni ilikuwa Jimbo la Kati pamoja na Dodoma, na mpaka wa mikoa haukutenganisha muziki wetu. Ilimba ni ubao uliochongwa ukawa na uwazi ndani, juu yake zimepangwa fito bapa za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Ina tundu lililozibwa kwa utando wa kifuko cha buibui. Utando huo ndio unaoipa sauti ile ya kuvuma kama nyuki. Zeze nalo hupigwa kwa upinde, na ngoma za muheme hupigwa na akina mama.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake, akarekodi na Wagogo pia. Kanda zake zinatunzwa Afrika Kusini, mbali na masikio ya mpwa wangu. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wengi tulijua rumba na twisti kuliko ngoma za kwetu. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kikafuata, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Huko ndiko alikofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyezunguka dunia na ilimba na zeze. Mwaka 1996 albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza na kampuni ya Peter Gabriel. Alifariki mwaka 2003.

Basi Wazungu walilipa kiingilio kuisikiliza ilimba, na mimi je? Nilipokuwa sekondari niliionea haya. Wenzangu walisema ati ni kitu cha washamba. Baba aliniita jioni moja anifundishe, nikamjibu, "Baada ya mtihani, baba." Mtihani ulikwisha, na yeye akatutoka. Ule mpangilio wa sauti aliouzoea alikwenda nao.

Ndiyo maana siicheki simu ya mpwa wangu. Darasa lenye watoto wengi na ilimba moja, au hata bila ilimba, simu inaweza kuonyesha kidole gumba kinaanzia wapi na kuwasikilizisha sauti halisi. Lakini hiyo sauti itatoka wapi kama wazee hawajarekodiwa? Kwanza twende kwa wapigaji walio hai, tuwaombe ruhusa, tuwalipe haki yao, tuandike majina yao. Picha ifuate. Na mtoto akishaona picha, ashikishwe kitu chenyewe, maana kioo hakina uzito wala hakimwonyeshi namna ya kubandika utando.

Nimeishusha ilimba. Fito mbili zimelegea, utando umechanika zamani. Mzee mmoja jirani amesema tumpelekee Jumamosi, ila twende na utando mpya. Tangu juzi mpwa wangu anapekua kuta za ghala akitafuta vifuko vya buibui, na simu ameiacha kitandani. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Safari hii sitasema baada ya mtihani.