Kuhesabu Raia Kaniama: Toka Buku ya Kodi Mpaka Picha za Setilaiti

Raia wa Kaniama walihesabiwa mtu kwa mtu mara ya mwisho mwezi wa 7 mwaka 1984, siku za Zaire. Ilikuwa sensa ya kwanza ya kisayansi ya nchi nzima, na mpaka leo hakuna nyingine iliyofuata. Jumla ya raia wote ilikaribia milioni 30. Kwa hiyo kila namba inayotajwa leo kuhusu wakaaji wa Kaniama, wa Kamina au wa jimbo zima la Haut-Lomami ni makadirio: kuna mtu alikaa mezani akapiga hesabu. Kujua aliipiga namna gani ndiyo elimu yenyewe ya takwimu, na katika nchi hii elimu hiyo imetoka mbali.

Ilianza na kodi. Dekreti ya Wabelgiji ya mwaka 1910 ilimfunga kila mwenyeji kwa sultani aliyetambuliwa na serikali, na nyuma yake zikaja karatasi na mabuku ya majina. Aliyetafutwa zaidi ni mwanaume mzima mwenye nguvu, kwa sababu ndiye aliyelipa kodi na ndiye aliyetakiwa kwenye kazi. Migodi ya Katanga ilikuwa na njaa ya watu, na reli ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928 ikipita Kamina na Kaniama, nayo ilitaka mikono. Wanawake na watoto hawakumhangaisha sana karani. Aliyelala porini usiku wa kuandikwa hakuwemo kwenye buku, na wengi walikuwa na sababu nzuri ya kulala porini.

Karani wa siku hizo alihitaji kujua kujumlisha tu. Lakini jumla inayotoka kwa watu wanaojificha haiwezi kusema watoto wangapi wanazaliwa, wala wangapi wanakufa.

Hatua ya pili ilikuja kati ya 1955 na 1957. Badala ya kuandika kila mtu, serikali ya koloni iliteua vijiji na mitaa kwa bahati, karibu mtu 1 kati ya 10 nchini, na waulizaji wakapita nyumba kwa nyumba. Ni jambo la mama anayeonja mchuzi: kijiko kimoja kinatosha kujua chumvi ya sufuria nzima, mradi ameukoroga vizuri. Anayechota juu juu atadanganyika. Anatole Romaniuk, mtaalamu wa demografia aliyeshughulika na uchunguzi huo, alikuta jambo ambalo mabuku ya kodi yasingeonyesha kamwe. Katika wilaya kadhaa za kaskazini, zaidi ya mwanamke 1 kati ya 5 alikuwa amepita umri wa kuzaa bila kupata mtoto hata mmoja, na magonjwa ya zinaa yalishukiwa kuwa chanzo kikubwa. Jumla ya watu peke yake ilikuwa imeficha machozi hayo miaka mingi.

Wakati huohuo jirani zetu wa mashariki walikuwa wanafunga fundo lingine. Mskochi William Brass alifanya kazi ya takwimu Nairobi tangu 1948 mpaka 1955. Afrika Mashariki, kama Kongo, watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kufa. Mtu atajuaje basi watoto wangapi wanakufa wakiwa wadogo? Njia aliyoitengeneza inategemea maswali 2 ambayo mama yeyote anaweza kujibu: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Majibu yanapangwa kwa umri wa mama. Kwa akina mama wa miaka 20 mpaka 24, sehemu ya watoto waliokufa inakaribia hatari ya mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa wa miaka 30 mpaka 34, kabla ya kutimiza 5. Kuna kurekebisha kidogo kwa kuzidisha, lakini msingi ni huo. Njia hiyo imetumika karibu dunia nzima, na muuguzi wa kijiji anaweza kuielewa kwa asubuhi moja.

Turudi kwenye 1984. Kwa kuwa hakuna sensa nyingine, ofisi huchukua namba ya mwaka ule na kuiongeza kila mwaka. Milioni 30 zikikua kwa 3 katika mia kila mwaka, baada ya miaka 40 zinafika karibu milioni 98. Zikikua kwa 3 na nusu katika mia, zinafika karibu milioni 119. Nusu moja tu katika mia, na tayari kuna watu milioni 21 ambao hakuna anayeweza kuapa kwamba wako au hawako.

Kwa kijiji kimoja mambo ni mabaya zaidi. Kijiji cha watu 1,000 mwaka 1984 kitaandikwa kuwa na watu 3,260 mwaka 2024, hata kama wote walikimbia. Na sehemu hizi watu wamehama sana. Mwaka 1992 na 1993 wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga, wakapakiwa kwenye treni kuelekea Kasai kwa reli hii hii inayopita Kaniama. Baadaye vita vilivyoanza 1998 vilimwaga vijiji vya kaskazini ya Katanga njiani. Karatasi iliendelea kuongeza 3 katika mia kwa utulivu kabisa.

Vita hivyo ndivyo vilivyoleta mabishano makubwa kuliko yote. Shirika la IRC lilifanya uchunguzi mara 5 kati ya 2000 na 2007, likasema watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya kawaida tangu mwezi wa 8 mwaka 1998, wengi wao kwa malaria, kuharisha na njaa, si kwa risasi. Namba hiyo imesomwa kila mahali. Neno la kushika hapo ni “zaidi ya kawaida”. Uchunguzi wa mwisho ulikuta vifo 2.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. IRC ilichukua kwamba bila vita vingekuwa 1.5, ziada ni 0.7. Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report walijibu kwamba Kongo ilikuwa maskini na mgonjwa hata kabla ya vita, na kawaida yake inakaribia 2.0. Ziada inabaki 0.2, chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza. Waliouliza familia uwanjani hawakuongeza jina hata moja. Sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya namba ya kulinganishia. Familia iliyozika watu wake haihitaji hesabu hiyo ili kujua kilichotokea, lakini wanaogawa misaada na wanaoandika historia wanaihitaji.

Mwaka 2017 polio itokanayo na kirusi cha chanjo kilichogeuka ilionekana Haut-Lomami. Kirusi cha namna hiyo huenea pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, na hapo ndipo hesabu ya watu inapogusa kitanda cha mtoto. Chukua mfano: kituo cha afya kina watoto 200 kwenye karatasi. Familia zilizokimbia zinaleta wengine 100. Muuguzi anachanja 210, ripoti inaandika 105 katika mia, na wakubwa wanapiga makofi. Watoto 90 hawajaguswa. Mtu aliyejifunza kazi hii akiona chanjo inapita 100 katika mia, hafurahi. Anatafuta nani hayumo katika namba ya chini, ile ya kugawanyia.

Haut-Lomami ikaingia katika majimbo yaliyokadiriwa upya na mpango wa GRID3, Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Waulizaji walihesabu kila mtu katika sehemu ndogo zilizoteuliwa, kisha kompyuta ikalinganisha na nyumba zinazoonekana kwa setilaiti. Matokeo hayatoi namba moja tu; yanataja pia ya chini na ya juu, na huo ni uungwana ambao mabuku ya kodi hayakuwa nao.

Lakini setilaiti inaona paa. Kongo hii wengi waliokimbia hawako kambini. Wako kwa shangazi, kwa shemeji, kwa rafiki wa kanisani, na paa moja linafunika familia 3. Ndiyo maana mwenye daftari bado anabisha hodi na kuuliza swali la zamani: usiku wa jana, humu ndani wamelala wangapi?