Posho: Kutoka Mgao wa Askari hadi Sahani ya Mwanafunzi

Neno posho linajulikana na kila askari wa Uganda, awe wa jeshi, wa polisi au wa magereza. Maana yake ya asili katika Kiswahili ni mgao wa chakula apewao mtu kwa ajili ya kazi au safari. Lakini nchini Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe, ule ambao wanafunzi hupakuliwa adhuhuri pamoja na maharagwe. Badiliko hilo la maana halikutokea kwa bahati. Ndani yake mna historia ya swali ambalo wazazi wa Kampala hujiuliza kila muhula unapofunguliwa: je, mtoto ale kinachopikwa shuleni, au achukue chakula kutoka nyumbani?

Kabla ya ukoloni, chakula kikuu cha Buganda kilikuwa matoke. Msafiri aliondoka nyumbani na entanda, yaani masurufu ya njiani, yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Chakula hicho kilimfaa mtu mmoja, lakini hakikufaa jeshi, kwa maana ndizi ni nzito kubeba na huharibika upesi. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, na katika miaka iliyofuata unga wa mahindi ukapendelewa kwa mgao wa askari na wapagazi. Unga ni mkavu, hupimwa kwa urahisi na hukaa ghalani kwa muda mrefu.

Mgao huo ulikuwa na gharama yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, wapagazi wa kikosi kilichoacha jina la Kariakoo mijini Nairobi na Dar es Salaam walilishwa unga ambao wengi wao hawakuuzoea na ambao mara nyingi haukuiva. Waliotoka katika nchi za ndizi waliugua tumbo vibaya, na wapagazi waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Lilikuwa fundisho chungu kwamba kugawa chakula ni jambo moja, na kulisha watu ni jambo jingine.

Baada ya vita, posho ilienea magerezani, katika kambi za wafanyakazi na katika shule za bweni. Shule hizo zilikuwa zimeanza mapema: Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906. Mwanafunzi wa bweni, kama askari kambini, alikula kwa kengele, kutoka sufuria moja na wenzake. Mwanafunzi wa kutwa yeye aliendelea kuwa msafiri. Alikwenda shuleni kwa miguu, na entanda yake ilikuwa viazi vitamu, mihogo au matoke, pengine na karanga kidogo.

Kila njia ina sifa na kasoro. Anayefunga chakula nyumbani anajua anachompa mwanawe, na hapangiwi ada na mtu yeyote. Lakini chakula kilichofungwa alfajiri kimepoa ifikapo saa saba mchana, na siku ya joto huweza kuwa kimechacha. Tena kinafichua hali za watu mbele ya darasa zima: mmoja anafungua wali na nyama, jirani yake anafungua kiazi kimoja, na wa tatu hana cha kufungua. Sufuria ya shule huwafanya watoto wote kuwa sawa, na chakula chake ni cha moto. Lakini sufuria inataka unga, kuni, maji na mpishi mwaminifu. Nafaka iliyowekwa vibaya huingiwa na fukusi, na ukungu wake huwa na sumu.

Mjini Kampala kwenyewe, hospitali ya Mulago iliongeza fundisho jingine. Katika miaka ya 1950, madaktari wa huko walikuwa miongoni mwa watafiti wakuu wa kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayekosa chakula cha kujenga mwili. Mwaka 1965 kikaanzishwa hapo kituo cha Mwanamugimu. Akina mama walifundishwa kupika kitobero, mchanganyiko wa matoke au viazi pamoja na maharagwe, karanga au samaki. Shibe peke yake si afya. Posho tupu na matoke matupu hujaza tumbo tu. Penye maharagwe ndipo mwili hujengwa.

Swali likawa zito zaidi mwaka 1997, ilipoanza Elimu ya Msingi kwa Wote. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa karibu milioni 3 mwaka 1996, walizidi milioni 5 katika mwaka mmoja. Serikali ilibeba karo; chakula kilibaki juu ya wazazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ilikaza jambo hilo kwa kutaja chakula miongoni mwa wajibu wa mzazi au mlezi. Rais Yoweri Museveni mwenyewe amewahimiza wazazi kuwafungia watoto entanda. Katika Karamoja, ambako njaa ya mwaka 1980 iliua watu wengi, Shirika la Chakula Duniani limesaidia kulisha shule kwa miongo mingi.

Mataifa mengine yalifikia sufuria ya shule kwa njia ya kambi. Uingereza ilishtuka wakati wa vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, ilipoona vijana wengi wakikataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1906 Bunge likaruhusu halmashauri kuwalisha wanafunzi. Marekani ilipitisha sheria ya chakula cha shule mwaka 1946, baada ya vita, na ikakitaja kuwa jambo la usalama wa taifa. Jirani Kenya ilianza kugawa maziwa shuleni mwaka 1979, na mwaka 2023 Nairobi ilifungua majiko makubwa ambako mzazi huchangia shilingi 5 tu kwa mlo.

Kwa familia za Nsambya, Mbuya au Bombo, jambo hili si la nadharia. Baba yuko zamu au yuko mbali mpakani, mama amebaki peke yake na watoto, na uhamisho huweza kuja katikati ya muhula. Mwenye uwezo wa kufunga chakula na akifunge, mradi kiwe na maharagwe au karanga na kiliwe kabla hakijaharibika. Lakini mtoto ambaye nyumbani kwake hakuna cha kufunga hatashibishwa na himizo. Huyo atashibishwa na sufuria ambayo wazazi wameichangia kwa pamoja, kila mmoja kwa kadiri yake, iwe shilingi au kilo ya unga, na ambayo kamati yao inakagua ghala na hesabu zake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hakuna kamanda anayempeleka askari doria ya siku nzima bila posho, kisha akamlaumu kwa kusinzia. Mtoto anayeketi darasani tangu asubuhi hadi saa kumi naye yuko kazini, na mgao wake ni haki yake, ukitoka jikoni kwa mama au katika sufuria ya shule.